Paipu za breki za Land Rover ya zamani: seti ya kununua, fundi friji, au nipanue midomo mwenyewe?

Mwana wa Chumbageni
Wakuu habari. Nafufua Land Rover Series III iliyokuwa kwenye shamba la mkonge. Bodi ni nzima, ila paipu za breki zimeliwa na kutu. Ninunue seti iliyokwisha tengenezwa, nimpelekee fundi friji anipanulie midomo (zile ncha za paipu zinazobanwa na nati), au nitafute kifaa nifanye mwenyewe? Nataka gari la kushuka nalo Lushoto mpaka Mombo.

Fundi Pongwe
Fundi friji mtoe kwenye hesabu. Kifaa chake hupanua mdomo mara moja tu kama tarumbeta. Breki zinataka mdomo uliokunjwa tena kwa ndani, ukuta uwe mara mbili, maana ukikanyaga kwa nguvu presha huvuka bar 70. Na ile shaba tupu ya friji ikitikisika muda mrefu hukakamaa, mwishowe hupasuka.

Mama Spea
Seti ni nzuri kwa asiye na nafasi, lakini nyingi ni za chuma, na upepo wetu wa bahari mnaujua. Chukua roli ya shaba iliyochanganywa na nikeli, inchi 3/16. Haishiki kutu na unaikunja kwa mkono. Stenlesi achana nayo, ni ngumu mno kupanua.

Mzee wa Raskazone
Mama Spea kasema kweli. Fanya mwenyewe kijana, ila paipu za zamani usizitupe. Gari za Kiingereza za rika hilo zaweza kuwa na midomo ya aina mbili, ule wa kukunjwa mara mbili na ule wa kichwa cha mviringo. Kila tundu lina mdomo wake. Ukichanganya, nati itakaza na oili ya breki itavuja vilevile. Nati nazo ziangalie: ya 3/8 UNF (nyuzi za kipimo cha inchi) na ya milimita 10 kwa macho zinafanana, ukilazimisha unaua nyuzi za silinda ya breki.

Kata kwa kikata paipu cha gurudumu, si msumeno. Safisha kingo ndani na nje, toa vumbi lote la chuma. Nati iingie kwanza, ndipo upanue. Ukimaliza, peleka mdomo kwenye mwanga: umekaa upande, au una ufa mwembamba kama unywele? Kata, anza upya.

Mwana wa Chumbageni
Shikamoo mzee, nashukuru. Kifaa cha mkono kinatosha au cha haidroliki?

Mzee wa Raskazone
Marahaba. Kwa gari moja, cha kubana kwenye jiliwa kinatosha. Kile cha ubao wenye matundu mengi mara nyingi hakishiki sawasawa, paipu inateleza na mdomo unakwenda kombo. Haidroliki ni ya gereji.

Fundi Pongwe
Ukishafunga, weka oili mpya ya breki, toa upepo uliobaki kwenye breki za magurudumu yote, kisha mtu akanyage pedali na kuishikilia huku wewe unapitisha karatasi kavu kwenye kila nati. Ikilowa hata moja, gari lisitoke getini.