Tupeane uzoefu: wimbo wa kwenye tangazo uliokusumbua mpaka ukaijua bendi

Wakuu, salama? Naanza na wangu.

Nimepanda Hiace Usa River nakuja Arusha mjini, redioni likapita tangazo la magodoro. Nyuma ya maneno kuna gitaa la solo linatiririka, sekunde 20 hivi, halafu bei zikalifunika. Huu wimbo naujua! Kuanzia Tengeru mpaka Sanawari natafuta jina, halitoki. Jioni nikalivizia tangazo na Shazam, ile programu ya simu ya kutambua nyimbo, ikasema haijapata kitu. Kumbe wale wenye tangazo waliupiga upya studio, na Shazam inatambua rekodi, siyo tuni. Inalinganisha alama za sauti za rekodi ileile iliyonayo; wimbo ukipigwa upya, kwake huo ni mgeni.

Nikahamia Google, pale pa kutafuta kwa kuguna wimbo (wameweka tangu 2020). Nikaguna mdomo umefungwa, mke wangu jikoni hana mbavu. Ikaja “Shauri Yako”, Orchestra Super Mazembe. Nikatamba nayo siku mbili, mpaka nilipomsimulia mzee mmoja wa kanda za zamani pale Kilombero. Hata hakuinua kichwa: “Mazembe waliurudia tu, mwanangu. Mwenyewe ni Nguashi Ntimbo.” Nimekagua, mzee yuko sahihi. Simu ilinipa walioufanya ujulikane huku kwetu, ila haikunipa mwenye wimbo.

Haya, nanyi leteni.

Dereva wa Porini: Mkuu, hilo la mwenye wimbo limenikuta kazini. Nina wageni wa Kijerumani, tangazo la safari kwao lilikuwa na “Jambo, jambo bwana”, wanabisha kwamba ni wa Boney M. Nikawaambia Boney M wameutoa 1983, wenyewe ni Them Mushrooms wa Mombasa, 1982. Hawakuniamini, na kule Ngorongoro mtandao unakatika. Tulipofika Karatu ukarudi. Bia nilikunywa za bure usiku ule.

Mama Pasua: Mie nilihangaika wiki nzima, mpaka nikapiga simu redioni. Jibu: huo si wimbo, dada, ni kipande kilichotengenezwa studio kwa ajili ya tangazo hilo tu, kinaishia hapohapo. Hakuna bendi wala albamu. Nililia kama nimefiwa.

Mtoto wa Kiboriloni: Hahaha pole mama. Kaka yangu alikuwa London 2002, Shazam inaanza. Haikuwa programu wakati huo, ulikuwa unapiga 2580, unaelekeza simu kwenye spika, baadaye unaletewa jina la wimbo kwa meseji. Desemba akaja Moshi kula sikukuu, akatusimulia, mbege iko mezani. Baba akasema huyu Uingereza imemharibu. Tulimwita Elfu Mbili Mia Tano na Themanini mpaka anarudi.

Sakina kwa Juu: Jamani nisaidieni na mimi. Tangazo la sabuni, zamani kidogo, tarumbeta zinaingia ta-ra-raa ta-ta, halafu mama anaitikia “eeh”. Ni bendi gani?

Mwenye uzi: Sakina, ta-ra-raa ni dansi lote la Tanzania hilo. Guna, rekodi, weka sauti hapa. Na kesho nampitishia yule mzee wa Kilombero.