NIMEVAA BOYA LA BATA KIUNONI HALAFU NAAMBIWA "MADEREVA WANAKAA KULE NYUMA"!!! Paje sirudi ng'o

BabaKulwa_Dom
Wakuu, salamu baadaye. Naandika nimekaa kwenye ngazi nyuma ya chumba hapa Paje, Zanzibar, mchanga umenijaa mpaka masikioni, mikono inatetemeka, asitokee mtu wa kunisahihisha herufi leo.

Yule jamaa wa mlangoni mnamjua. Msijifanye hamumjui, kila aliyewahi kuleta familia kwenye fukwe hizi anamjua, na simtaji maana hata jina lake sitaki likae kwenye simu yangu niliyoinunua kwa hela yangu. Leo saa saba na nusu mchana, mbele ya mke wangu, mbele ya watoto watatu, mbele ya MAMA MKWE, kanishika bega taratiiibu kama muuguzi anayekuja na habari mbaya akaniambia, "Samahani kaka, madereva wanakaa kule nyuma."

Wakuu. Nilikuwa nimevaa boya la bata.

Bata. Wa njano. Mdomo wa rangi ya chungwa na macho kama taa za Scania. Ni la mtoto wangu wa mwisho, nimelinunua Kariakoo, nimelipuliza kwa mapafu yangu mwenyewe dakika ishirini mpaka nikaona nyota mchana, halafu mtoto akaligoma akasema huyu bata ananiangalia vibaya, ndio nikalivaa mimi ili mikono ipate nafasi ya kubeba ndoo, taulo, mafuta ya kupaka na mtoto mwenyewe. Sasa niambieni nyie mnaosafiri sana, katika madereva wote wa Noah, Hiace, Coaster mpaka malori ya Tunduma, mmemwona yupi kazini na bata kiunoni??

Na hii safari sijapewa na mtu. Nimeidunduliza kwenye kibubu tangu Januari. Dodoma mpaka Dar na treni ya umeme, ile mchongoko, halafu boti ya saa mbili ambazo mama mkwe alitapika saa mbili zote bila mapumziko, halafu Noah ya kukodi kutoka mjini, tumefika jana usiku giza. Leo asubuhi saa nne watoto wanatoka mbio na ndoo zao, dakika mbili wamerudi, "Baba, bahari iko wapi?" Nachungulia, kweli bahari haipo. Imeondoka. Kuna mchanga, kuna vigingi vya mwani, kuna kina mama wanavuna mwani wao, na kule mbaaali karibu na Somalia kuna mstari mweupe. Chumba nimeandikiwa "mbele ya bahari". Mbele kweli, tena mbele sana.

Lakini hilo nimelimeza, hilo la Mungu. Lisilomezeka ni "madereva wanakaa kule nyuma". Tena na "kaka" yake! Kwa huruma! Angenitukana ningemwelewa. Sekunde chache kabla yangu kapita mzungu pekupeku, kaptula imechanika, nywele kama kamba za jahazi, hajaulizwa hata amelala wapi, kapewa "karibu sana" na glasi ya juisi. Mimi mwenye risiti! Na risiti ninayo, iko kwenye simu, simu iko kwenye mfuko wa plastiki, mfuko uko shingoni umeshuka chini ya bata. Nahangaika kuutoa, bata analia ule mlio wa mpira kwichi kwichi, foleni nyuma yangu inakua, mama mkwe kwa sauti yake ile ya kanisani anauliza, "Kwani baba Kulwa siku hizi unaendesha?"

Mke wangu akacheka. Wakuu, alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga.

Sirudi. Mwakani Hombolo inatutosha, lile bwawa letu la Dodoma asubuhi unalikuta pale pale ulipoliacha jioni.

Mtu_wa_Shamba
Uzi bila picha ya bata ni batili.

fundi_taa
Nimesoma "kwichi kwichi" nikiwa kwenye kikao, nimetolewa nje. Asante mleta uzi.

Mama3_Mbagala
Pole baba. Huyo jamaa namjua!! Mwenye kofia ya kijani, mwembamba, ana pengo? Mimi aliniuliza "dada umekuja kwa kazi ya jikoni au ya usafi", na siku hiyo nimevaa dera jipya na wanja nimepaka. Nikamwambia nimekuja kukununua wewe. Hela sina lakini nilimwambia.

BabaKulwa_Dom
@Mama3_Mbagala NDIYE HUYO HUYO!!!

Kijana_Ubungo
Mbona ninayemjua mimi ni mnene, hana kofia, na yuko Nungwi?

BabaKulwa_Dom
Ndiye huyo.

Mzee_Chuma
Wa kwangu alikuwa mwanamke, Kigamboni.

BabaKulwa_Dom
Mkuu ndiye.

KusiKaskazi
Nyie watu wa bara mtatuua kwa vicheko. Kaka, bahari haikuondoka, imekupwa. Inakwenda na inarudi, kwa muda wa saa sita hivi inatoka, saa sita nyingine inaingia, na kila siku inachelewa kama dakika 50, ndivyo ilivyo tangu babu wa babu yangu. Na mmekuja bamvua, mwezi mpevu umekaa juu hapo mnautazama hamuuoni. Bamvua maji yanapanda na kushuka mpaka mita nne hivi, na huku mashariki chini ni tambarare, ndio maana yanakwenda mpaka mwambani. Ungekuja maji mafu, mwezi ukiwa nusu, usingepata kilio hicho, au ungekwenda Nungwi na Kendwa, kule yanakwenda kidogo tu. Ila nyie mnatazama bei ya chumba, mwezi mnawaachia wanaofunga Ramadhani. Na saa kumi jioni maji yalikuwa yamejaa tele mpaka yanagonga ukuta, watoto wote wa Paje wamo majini. Wewe saa kumi ulikuwa wapi?

BabaKulwa_Dom
Nilikuwa na mambo.

Mtu_wa_Shamba
Mambo gani na bata kiunoni?

wakili_wa_kijiweni
Kisheria hapo una kesi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, mita 60 kutoka ufukweni hapatakiwi kufanyika shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira. Sasa huyo mlinzi na kiti chake alikuwa mita ngapi? Ulipima?

KusiKaskazi
Hiyo ya Bara hiyo bwana. Mazingira si jambo la Muungano, huku tuna sheria yetu. Kapime Coco Beach, Dar.

wakili_wa_kijiweni
Nilikuwa nawajaribu tu.

fundi_taa
@wakili_wa_kijiweni apime akiwa ndani ya bata au nje ya bata?

Sato_Mkavu
Ndio maana kila siku nawaambia njooni Mwanza. Ziwa halipwi, halijai, lipo hapo hapo asubuhi mpaka usiku, sato mbichi, mawe ya kupigia picha bure, na mlinzi hakuulizi kitu.

Mama3_Mbagala
Na kichocho je?

Sato_Mkavu
Bora kichocho, kina dawa. Kuambiwa dereva mbele ya mama mkwe dawa yake hamna.

Uvira_Buja
Nyinyi munalalamika mlinzi. Huku Bujumbura jua likianza kuzama munatoka wenyewe kwa maji bila kuambiwa, kiboko anapanda mpaka kwenye mchanga, hana habari kama wewe ni dereva ao ni mgeni. Mwaka ule bibi yangu aliacha sambusa zote na kiatu kimoja.

Mtu_wa_Shamba
Kiboko alikula sambusa?

Uvira_Buja
Watu ndio walikula. Kiboko alikuwa anapita tu.

NairobiWest_Dad
Sisi Wakenya tumefika. Wacheni niwaambie shida ni nini. Shida ni ngamia wa Diani. Umetoka Nairobi usiku na watoto watatu wanatapika kwa zamu, umeshinda foleni ya feri Likoni kwa lile joto, hatimaye umekaa kwa mchanga na bibi, macho umefunga, unasikia kitu inapumua kando ya sikio. Ngamia. Mwenyewe anasema, "Boss pandisha mtoto, kupanda ni bure." Ni kweli, kupanda ni bure. Kushuka ndio unalipa. Mtoto wangu alikaa huko juu dakika kumi na tano tukibishana, alikuwa ameanza kulala.

Mama3_Mbagala
🤣🤣🤣 kushuka ndio unalipa

Bint_Maskati
Nyie angalau mnafuata bahari na jua. Sisi huku Oman ukifika msimu wa kharifu ukoo mzima unahamia Salala, kama kilomita elfu moja ndani ya gari na madumu ya chai na mashangazi wawili wasiosemeshana, kwenda kufanya nini? Kutazama mvua. Manyunyu! Na ukungu! Watu wanashuka garini wanapiga picha majani. Ami yangu mzaliwa wa Pemba alikataa kushuka, akasema sikutoka Wete nikaja kulipia hoteli nitazame mvua na migomba.

KusiKaskazi
Mpe salamu Ami, huyo ni mtu wangu.

BabaKulwa_Dom
Wakuu naomba turudi kwenye mada. Nilishikwa BEGA. "Madereva wanakaa kule nyuma." Mbele ya mama mkwe. Mnaongea habari za ngamia.

fundi_taa
Kwani mama mkwe anasemaje sasa hivi?

BabaKulwa_Dom
Hana habari na mimi. Kashinda kule kwenye mwani anapiga stori na kina mama, karudi na vitenge viwili na mume wa tatu kapendekezewa.

Noah_ya_Silva
Habari zenu. Mimi ni dereva. Uzi wote nimeusoma nimepaki Jambiani chini ya mnazi nasubiri wageni wamalize kupiga picha na ng'ombe. Naomba kumuuliza mleta mada kwa heshima, kuitwa dereva ni tusi? Maana umeandika kama umeitwa mwizi wa kuku.

Mzee_Chuma
Ohooo.

BabaKulwa_Dom
Mkuu Noah_ya_Silva hapana, nawaheshimu sana, baba yangu mdogo aliendesha basi la Dodoma Singida miaka na miaka. Nilichukia namna alivyosema. Halafu na lile bata.

Noah_ya_Silva
Sawa, nimekuelewa. Swali la pili. Alivyokuambia uende nyuma, ulienda au hukwenda?

Mtu_wa_Shamba
Jibu.

Kijana_Ubungo
Yupo mtandaoni, namwona. Jibu.

Mama3_Mbagala
Saa kumi ulikuwa wapi baba Kulwa 👀

BabaKulwa_Dom
Nilienda.

Nilienda kumtafuta meneja nimwonyeshe risiti! Kwa hasira! Ila njia ya kwenda kwa meneja inapita nyuma ya jiko, na nyuma ya jiko kuna mwembe, na chini ya mwembe kuna mkeka na sufuria, na wale jamaa wakasogea wakasema "karibu kaka", sasa mtu mzima amekukaribisha chakula utakataaje? Wali wa nazi. Pweza wa nazi amelainika hata meno hayana kazi. Pilipili ya mbilimbi. Nikala sahani mbili. Bure. Huku mbele mke wangu kaagiza chips na ngisi 38,000, imemfikia baada ya saa moja na nusu, ngisi saba nimewahesabu kwenye picha.

Noah_ya_Silva
Walikuuliza unaendesha gari gani?

BabaKulwa_Dom
Waliuliza.

Noah_ya_Silva
Ukasemaje?

BabaKulwa_Dom
Nikasema Noah ya silva.

fundi_taa
NIMEKUFA

Mtu_wa_Shamba
Mods badilisheni kichwa cha uzi haraka.

Sato_Mkavu
Kwa hiyo bahari imejaa, watoto wako wanaogelea na mama yao, wewe uko nyuma ya jiko unajadili bei ya mafuta. Na bata je?

BabaKulwa_Dom
Bata nilimvua nikamweka pembeni. Mmoja alimkalia wakati wa bao. Sasa ana upepo nusu.

Noah_ya_Silva
Huyo aliyemkalia namjua, mnene, anapenda kula kete za wenzake. Kesho ukienda waambie nimekusalimia. Jumatatu wanapika borohoa.

Mama3_Mbagala
Wakuu hiyo sehemu ya madereva wanaruhusu mtu na watoto wanne? Nauliza tu, nakuja mwezi wa kumi na mbili.

KusiKaskazi
Mwezi wa kumi na mbili upepo wa kaskazi unaanza, mtawakuta wale wanaoteleza majini kwa kaiti wametanda angani kama popo, shikeni watoto. Na daladala panda mjini, usikubali kudanganywa na wa teksi bandarini.

duka_la_furaha
Maboya ya kuogelea, bata, nanasi na nyati wa pembe moja, jumla na rejareja, Kariakoo, mikoani tunatuma. Pampu bure ukinunua matatu.

BabaKulwa_Dom
@duka_la_furaha pampu zilikuwepo????

wakili_wa_kijiweni
Hapo sasa ndipo kwenye kesi.

Bint_Maskati
Borohoa jamani, miaka saba sijaila ya mkono wa mtu wa kwetu. Wanatia nazi au hawatii?

KusiKaskazi
Borohoa bila nazi hiyo ni maharage ya jela.

Bint_Maskati
Bibi yangu wa Mkoani hakutia nazi hata siku moja na watu walikuwa wanapanga foleni.

KusiKaskazi
Walikuwa wanapanga foleni kurudisha.

Mzee_Chuma
Samahani nawarudisha nyuma kidogo, yule ngamia wa Diani anabeba mtu wa kilo 110?

NairobiWest_Dad
Kupanda utapanda mzee. Sasa hiyo bei ya kushuka ndio sijui.