Mrejesho: Beseni la kuogea, nibadilishe mwenyewe au niite fundi?

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama nibadilishe mwenyewe lile beseni la chuma la kuogea kwa mama, ghorofani Upanga, Dar es Salaam, au niite fundi bomba. Asanteni sana mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kugawana kazi. Kulitoa tulifanya mimi na wadogo zangu: tukafunga koki, tukabandua safu ya chini ya marumaru, tukalishusha. Beseni la chuma cha kusubu (chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) linaweza kupita kilo 100, usijaribu peke yako kwenye ngazi.

Kufunga beseni jipya nilimwachia fundi, na hela yake ilikuwa halali kabisa. Alisawazisha miguu kwa pimamaji, akajaza maji, kisha akayafungulia huku anamulika tochi kwenye kiungo cha bomba la maji machafu. Tone likaonekana! Akabadilisha mpira, akajaribu tena, pakavu. Silikoni aliipaka beseni likiwa limejaa, maana uzito huliteremsha kidogo. Ukipaka likiwa tupu, baadaye panaachia.

Kilichokwama ni marumaru. Nimezunguka Kariakoo, rangi ile haipo tena, safu ya chini imebaki tofauti na mama haipendi. Ila jirani wa chini halalamiki tena kuvujiwa.