Ushauri: mali kauli ni kununua ama ni kumuuzia mtu? Nadaiwa 32,000

Dada_Gauni: Wadau hamjambo, naomba mnisaidie manze usingizi umepotea. Nauza gauni za mtumba Gikomba, kibanda changu kiko ule upande wa chini karibu na mto. Kuna mama ako na stoo alinipatia beli ya kilo 45 akaniambia nichukue kwa mali kauli, yaani kwa ahadi ya mdomo tu. Mvua ikanyesha usiku maji yakaingia kibandani, asubuhi nikapata nusu ya gauni zimelala kwa maji machafu, zingine zimechujiana rangi. Sai anadai 32,000 yote, anasema aliniuzia. Mimi nasema sikununua, nilikuwa namuuzia tu. Si mali ilikuwa yake bado?

Mzee_wa_Kamera: Pole sana. Lakini nani anaweka nguo chini msimu wa mvua huko kwa mto? Mimi huweka mbao kwanza, juu ya mbao karatasi ya nailoni, ndio beli inakaa. Na kamera zangu (wale hawajui, kamera ni zile nguo safi za kwanza kuchaguliwa, fagia ndio mabaki ya mwisho) hizo narudi nazo nyumbani kila jioni, hata kama ni mzigo.

Dada_Gauni: Asante mzee lakini swali langu ni la deni.

Baba_Riziki: Kukopa harusi kulipa matanga. Vijana wa siku hizi mnapenda mzigo wa bure. Mimi nilianza na sufuria moja ya maharagwe Kariobangi, sikukopa mtu, leo nikona hoteli.

Shangazi_wa_Nyali: Mwanangu, kwetu Mombasa mali kauli ni kuchukua bidhaa kwa ahadi ya mdomo, unauza halafu unalipa. Marehemu baba yangu alichukua vitenge hivyo miaka na miaka, wala hakuna karatasi. Ila vitenge vikiibiwa alilipa. Alisema kauli ni yake, si ya mwenye duka.

Mwalimu_Nahau: Shida iko kwa kitenzi. "Kuuzia" kinabeba maana mbili. Nikisema "nimekuuzia gauni" nimekupa wewe gauni, wewe umenipa pesa. Nikisema "nitakuuzia gauni zako" hapo naziuza kwa niaba yako. Mama anatumia ile ya kwanza, dada anatumia ya pili, na kila mtu anaapa anasema ukweli. Na "kuchukua" haisaidii, hapa Nairobi ukiambiwa "chukua na mia mbili" ushauziwa. Kwa hivyo neno peke yake halitaamua, tuambie mlikubaliana nini zaidi. Kulikuwa na tarehe ya kulipa? Kuna pesa ilitoka mkononi mwako siku hiyo?

Dada_Gauni: Tulikubaliana kirafiki tu. Nilimwandikia "sawa mama ntakuuzia", skrinshoti ninayo.

Mwalimu_Nahau: Hujajibu. Pesa ilitoka?

Kijana_Umoja: Jibu swali dada 😂

Dada_Gauni: Sawa. Nilimtumia 5,000 kwa M-Pesa asubuhi ile nikichukua mzigo. Lakini hiyo ilikuwa ya kumwonyesha niko siriasi, haikuwa bei. Na ndio, nilisema salio atapata mwisho wa mwezi, lakini kila mtu husema hivo. Na kabla mseme, zilizobaki nishapakia kwa mkokoteni zirudi stoo kwake kesho, na namba yake nimebloki ju alikuwa ananitukana.

Wakili_Mtaani: Aaah, ndio hiyo sasa. Ile 5,000 Waswahili wanaita arubuni, nyinyi mnaita dipoziti. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema mauzo ya shilingi 200 kwenda juu hayadaiki kortini mpaka kuwe na maandishi, ama mnunuzi awe amepokea na kukubali sehemu ya mali, ama ametoa arubuni. Wewe arubuni umetoa. Na hasara hufuata mwenye mali isipokuwa mmepatana vingine. Mngepatana wazi kwamba zisizouzika zinarudi, hapo ungekuwa na la kusema. Lakini arubuni juu, tarehe ya salio juu, unauza kwa bei yako mwenyewe, mtu wa nje ataona ulinunua kwa mkopo. Na ukirudisha nguo zimelowa bila kuongea naye utakuwa umezidisha tu.

Dada_Gauni: Kwa hivyo hata nikisema wazi kwamba ilikuwa kauli? Mbona yeye ndiye alitumia hilo neno!

Kijana_Umoja: Wadau ngojeni kidogo. Hakuna mtu Gikomba husema "mali kauli". Hapa watu husema nimechukua kwa deni, ama ni lipa mdogo mdogo. Hiyo ni lugha ya Pwani na Tanzania. Alafu skrinshoti anasema iko lakini hatuioni. Huyu ni mwanafunzi ako na insha ya Kiswahili tunamfanyia homuweki.

Mzee_wa_Kamera: Hata mimi nimeanza kuona hivo. Nani huandika "ntakuuzia" kwa biashara.

Dada_Gauni: Insha?? Mimi nadaiwa nyinyi mnaniletea insha. Huyo mama ni wa Mombasa, ndio maana anaongea hivo!

Bi_Pumwani: Kijana usiseme hakuna mtu. Majengo ni kutoka hapo sokoni unavuka barabara tu, na sisi tumekua tukisikia mali kauli kwa nyanya zetu. Pia juzi kuna vibanda vililowa huko chini, niliona kwa macho yangu watu wanaanika nguo kwa ukuta. Mwacheni.

Kijana_Umoja: Sawa Bi, nimesikia. Lakini skrinshoti bado.

Wakili_Mtaani: Iwe kweli ama si kweli jibu ni lile lile. Dada, mama akienda Mahakama ya Madai Madogo, hiyo ilifunguliwa Milimani 2021, inachukua madai mpaka milioni moja na hahitaji wakili. Kesi inafaa kuisha ndani ya siku 60. Atabeba ujumbe wa M-Pesa tu. Simamisha mkokoteni, mtoe kwa bloki, kaeni chini mgawane hasara kabla hajafika huko. Ile "ntakuuzia" yako itumie hapo, kwa kuongea inaweza kukupunguzia.

Shangazi_wa_Nyali: Na uende na mtu mzima anayemheshimu, usiende peke yako. Pia mali bila daftari hupotea bila habari, hesabu kwanza zilizouzwa.

Dada_Gauni: Nimemtoa bloki. Nimempigia, amefoka kwanza alafu akanyamaza akauliza ni ngapi zimeharibika kabisa na ngapi zinaweza kufuliwa. Amesema Jumamosi nije na mwenyekiti wa laini yetu ya vibanda, na zile 5,000 zinahesabika ndani ya deni, hapo hatabishana. Mkokoteni nimewarudisha. Sasa mnaojua, gauni za pamba zikichujiana rangi, chumvi na siki zinasaidia ama ni hadithi?

Mzee_wa_Kamera: Ikishachujiana chumvi haitoi. Zile nyeupe weka jiki kidogo kwa maji mengi, za rangi uza kama fagia.