Uvuvi na biashara ncha za dunia: kuna aliyejizuia kweli?

Nanga: Wakuu habari. Kila nikisoma kuhusu Aktiki, kule ncha ya kaskazini, nakuta barafu inayeyuka basi fursa zimefunguka, samaki, njia za meli, madini ya chini ya bahari, utalii, halafu mwishoni wananyunyizia neno "endelevu" kama chumvi. Mwenye kujua anieleze, kuna sehemu huko watu wamejizuia kabla ya kuharibu au ni mikutano tu?

Mkunazi: Ipo mkuu. Katikati ya Bahari ya Aktiki, eneo la kama kilomita za mraba milioni 2.8 ambalo si la nchi yoyote, walikubaliana kutovua kibiashara kabla hata huo uvuvi haujaanza. Mkataba ulisainiwa Ilulissat, Greenland, Oktoba 2018 ukaanza kazi Juni 2021, na ndani yupo Mrusi, Mmarekani, Mchina, Mjapani. Miaka 16 ya kwanza wanasayansi wachunguze kuna samaki gani na wangapi. Ni rahisi kumkataza mtu kitu ambacho hajakionja, ngoja anunue meli na kuajiri watu uone kama atatoka.

Kusi: Sawa ila usiwapambe sana, shuka kusini uone. Krili wa Antaktika, hawa uduvi wadogo ambao nyangumi, sili na pengwini wote wanawategemea, wana ukomo wa tani 620,000 kwa msimu kule wanakovuliwa, tume ya nchi mbalimbali inayoitwa CCAMLR ndo inasimamia. Ukilinganisha na krili wote waliopo ni kidogo, shida meli zinajazana palepale karibu na Rasi ya Antaktika ambapo pengwini nao wanatafutia makinda chakula. Kulikuwa na kanuni ya kuzigawa hizo tani kwa maeneo, 2024 ikaisha muda wake bila kuongezwa, maana kule lazima nchi zote wanachama zikubali, moja ikigoma imekwisha. Msimu uliofuata ukomo ukafikiwa mapema, Agosti 2025 uvuvi ukafungwa.

Nanga: Duh. Na kaskazini ambako kuna watu wanaishi?

Mama Pweza: Hapo msiwaimbie wenyeji habari za kuacha kuvua, Greenland zaidi ya asilimia 90 ya bidhaa wanazouza nje ni samaki na kamba, sasa wale nini. Mi naangalia thamani inabaki kwa nani. Iceland, mji mdogo wa Ísafjörður, kuna kampuni inaitwa Kerecis inachukua ngozi ya chewa (cod), ile ambayo mara nyingi inatupwa au kusagwa, inaitengeneza iwe ya kufunikia vidonda na majeraha ya moto hospitalini. Samaki ni walewale, hela imeongezeka. Hiyo naielewa kuliko kuchimba madini sakafuni mwa bahari, ambako Norway bunge lilifungua mlango Januari 2024 halafu Desemba hiyohiyo utoaji wa leseni ukasimamishwa.

Nanga: Asante dada. Mkunazi, hiyo miaka 16 ikiisha 2037 inakuwaje?

Mkunazi: Mkataba unajiongeza wenyewe miaka mitano mitano. Ila nchi moja ikipinga, haujiongezi.

Kusi: Yaleyale ya krili sasa 😅