Bwawa lipo, watoto wako wapi?

Kikundi: Wana wa Barabara ya 9, Ngamiani, Tanga

*Alhamisi*

Zuhura: Asalam aleikum ndugu zangu. Bibi shikamoo, Shangazi shikamoo. Dalali kanipeleka kwenye yale maghorofa mapya upande wa Raskazone. Vyumba vitatu, ghorofa ya tatu. Tangazo linasema "makazi ya familia": bwawa la kuogelea, chumba cha mazoezi, lifti, jenereta, walinzi usiku na mchana, uwanja wa michezo ya watoto. Wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali. Nishaurini kabla sijatoa hata shilingi.

Shangazi: Waaleikum salaam. Marahaba mwanangu.

Idi: Shikamooni wote. Mimi nimeridhia. Hapa Hamisi wetu akitoka mlangoni tu yuko barabarani. Wiki iliyopita nilimdaka shati bodaboda ikiwa hatua mbili. Kule kuna ukuta na geti.

Shangazi: La bodaboda ni kweli baba, silipingi. Zuhura, ulikwenda saa ngapi?

Zuhura: Saa nne asubuhi. Pametulia, pasafi, nimepapenda.

Shangazi: Siku ya shule saa nne asubuhi kila pahala pametulia. Rudi Jumamosi saa kumi na moja jioni, bila dalali. Uhesabu watoto wanaocheza. Penye watoto utaona ndala zimeachwa kwenye ngazi na baiskeli ndogo zimelala ukutani.

Shangazi: Mimi nilikaa ghorofani Dar miaka minne na wanangu wawili. Bustani ilikuwepo, nzuri sana, na kibao "Usikanyage majani". Mlinzi akawa na kazi ya kuwafukuza wanangu. Wakahamia koridoni, jirani akalalamika. Miaka minne nalipia bustani ya kutazama kwa dirisha. Bado inaniuma.

Salim: Ukienda chukua futi. Pima nafasi kati ya chuma na chuma pale balkoni. Ikizidi sentimita 10, Hamisi anapitisha mwili. Na uangalie vyuma vimelala au vimesimama. Vikilala ni ngazi, mtoto wa miaka mitatu anapanda mpaka juu.

Rehema: Mdogo wangu, bwawa lina uzio wake?

Zuhura: Lina maua kwenye vyungu pande mbili.

Rehema: Vyungu si uzio. Nisikilize kama muuguzi, si kama dada. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono, anazama kimya, dakika chache tu. Shirika la Afya Duniani linasema karibu robo ya wanaokufa maji duniani ni watoto chini ya miaka 5. Uzio uzunguke pande zote nne, kimo kisipungue mita 1.2, geti lijifunge lenyewe na komeo liwe juu asikofika mtoto.

Idi: Si kuna mlinzi?

Rehema: Mlinzi yuko getini anaandika namba za magari, shemeji. Wa kumtazama Hamisi ni mama yake, naye atakuwa jikoni.

Bibi (ananiandikia Rehema): Zuhura, ukisimama jikoni unaona wanakochezea?

Zuhura: Hapana Bibi. Jiko linatazama upande wa pili.

Bibi (ananiandikia Rehema): Haya. Mimi nimewalea nyinyi saba kwa dirisha la jiko.

*Jumamosi*

Zuhura: Nimerudi. Nilifika saa kumi na moja kasoro, nikakaa mpaka magharibi. Watoto niliowaona ni wawili, wamekaa kwenye ngazi na simu ya mama yao.

Shangazi: Na familia zipo?

Zuhura: Zipo, nguo za shule zimeanikwa balkoni. Nikamuuliza dada mmoja wa ghorofa ya kwanza. Anasema bwawa hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na chini ya miaka 12 lazima awe na mzazi. Wa kwake anarudi shule saa kumi. Mwaka mzima kaoga mara nne.

Zuhura: Uwanja wa michezo ni bembea mbili na mtelezo wa bati, nyuma ya maegesho. Gari likirudi nyuma linafika hatua tano kutoka bembea. Hakuna mti. Niliweka kiganja kwenye mtelezo nikakiondoa haraka, na hilo ni jua la jioni. Mnyororo wa bembea umeshaliwa na kutu, pete ya juu imebaki nyembamba kama pini.

Salim: Hiyo ni chumvi ya bahari. Karibu na maji hivyo, chuma kisichopakwa zinki hakikai. Pete ikikatika mtoto akiwa juu, anadondokea nini?

Zuhura: Zege.

Salim: Hapana jamani. Chini ya bembea panatakiwa mchanga, tena mwingi. Na balkoni?

Zuhura: Sentimita 16. Vimelala.

Idi: Hilo sikuliona kabisa. Nilitazama bahari.

Zuhura: Na lifti, jenereta haiisukumi, inawasha pampu na taa za ngazi tu. Umeme ukikatika nampandisha Hamisi usingizini begani, na mizigo ya sokoni.

Shangazi: Msimamizi umemwambia?

Zuhura: Nimemwambia balkoni na uzio wa bwawa. Kasema mwenye nyumba hapendi vyuma, vinaharibu mandhari.

Rehema: Basi kakujibu.

Zuhura: Sasa kuna kitu kingine. Wakati narudi nilipitia Chumbageni kwa rafiki yangu. Ni ghorofa mbili tu, za zamani, rangi imebanduka. Hakuna bwawa wala lifti. Katikati kuna ua wenye mwarobaini mkubwa, na majiko yote yanatazama uani. Nilihesabu watoto 11. Wasichana wanacheza rede, wadogo wanachimba mchanga, mama mmoja anamwita mtoto wa mwenzake kwa jina aje anywe maji. Magari hayaingii uani, yanaishia getini. Kuna nyumba inaachwa mwisho wa mwezi, chini kabisa.

Idi: Maji?

Zuhura: Tanki moja la wote. Yakikatika siku mbili wanabanana, kanieleza wazi. Na bafu ni dogo.

Idi: Maji ni jambo kubwa mke wangu.

Salim: Tanki la pili linaongezeka, shemeji. Lita elfu moja na kitako chake nawafungia kwa siku moja. Ua wenye mti huwezi kuufunga.

Shangazi: Na kutoka Chumbageni, bustani ya Jamhuri ni kutembea tu. Jioni mnakwenda na miguu, upepo wa bahari bure.

Idi: Kesho nina zamu ya asubuhi bandarini, natoka saa tisa. Tukapaone pamoja saa kumi na moja. Nitakuja na futi.

Bibi (ananiandikia Rehema): Mwanenu Nasra mwende naye, mumwache acheze na watoto wa pale. Hamisi mleteni kwangu.