Kiwanda cha karatasi: barakoa hugawiwa siku ya ukaguzi, kisha hukusanywa

Ndugu zangu, nimevumilia miezi kumi na minne na sasa nimechoka kunyamaza. Mimi ni kibarua katika kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam kinachogeuza karatasi chakavu kuwa karatasi za chooni, na ninayoyaandika sikusimuliwa na mtu.

Marobota hufika yakiwa na kila taka, kuanzia pini na mifuko ya plastiki hadi nepi zilizotumika, nasi huyachambua kwa mikono mitupu. Hapo angalau kuna hewa. Ukihamishiwa kwenye mtambo wa kukaushia, ambako karatasi mbichi hubandikwa juu ya silinda kubwa inayopashwa moto kwa mvuke wa boila, shati linalowa kabla hujamaliza robo saa, na feni pekee iliyopo imeelekezwa kwenye mota, kwa sababu mota ikiungua ni hasara, ilhali kibarua akianguka wapo wengine waliojipanga getini tangu alfajiri.

Kwenye mashine za kukatia ni vumbi tupu. Linatanda hadi kope zinakuwa nyeupe kama za bibi kizee. Akina dada hujifunga khanga puani, na asubuhi ukipenga kamasi unaona uji wa karatasi.

Tunaingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku 6 kwa wiki. Hata tukitoa saa nzima ya kula kila usiku (kwetu ni nusu saa, tena ya kukimbizana), zinabaki saa 66, wakati Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida, na zinazozidi zilipwe mara moja na nusu. Sisi tunapewa ujira ule ule wa siku, na ukiuliza unaambiwa kesho usije.

Kuhusu vifaa kinga, ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na uongozi unaijua vizuri kabisa, kwa kuwa siku wakaguzi walipokuja tuligawiwa barakoa, glavu na buti mpya, milango yote ikafunguliwa, hata ile feni ikageuzwa upande wetu. Wageni walipoondoka, msimamizi alipita na kapu akikusanya kimoja kimoja, na mwenzetu aliyechana glavu yake akakatwa shilingi elfu tatu.